ASIYEVAA NAMBARI YAKE ASITUULIZE KITAMBULISHO



Mama mmoja wa hapa Silanga alikwenda kushtaki. Mlango wake ulikuwa umevunjwa usiku na watu waliovaa sare. Mwanawe aliburutwa nje, akarejea baada ya siku mbili akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia. Mama alifika katika afisi ambayo hatutaitaja, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu yake ilipowadia akaulizwa swali moja: "Uliandika nambari ya askari?" Akajibu kwamba hapakuwa na nambari ya kuandika. Watu wale walivaa makoti ya mvua juu ya sare, na nyuso zao zilikuwa zimefunikwa hadi chini ya macho. Karani akafunga daftari, akamwambia arudi atakapoipata.

Sisi tuliomsindikiza tulirudi naye kwa miguu hadi upande wa bwawa bila ya maneno mengi. Lakini neno moja hatukuweza kulimeza. Mama yule, ili aingie katika afisi ile, alitakiwa langoni atoe kitambulisho chake cha taifa, na nambari yake ikaandikwa. Aliyeonewa alikuwa na nambari. Aliyeonea hakuwa nayo. Makala haya yanahusu jambo hilo, yaani alama za vikosi, beji, kofia, tepe na nambari. Ziliwekwa kwa ajili gani, zimetumiwaje katika nchi hii, na kwa nini harakati za mageuzi haziwezi kulichukulia jambo hili kuwa dogo.

BEJI NI KIAPO KILICHOSHONWA

Tuanze kwa kuwatendea haki wenye beji. Mwanajeshi hachezi na alama ya kikosi chake. Kofia yake ina rangi ya kikosi, na beji ya kofia ina mahali pake juu ya jicho. Tepe za begani humweleza kila aonaye ni nani wa kutoa amri na ni nani wa kuitii. Kila tarehe 12 Desemba, katika sikukuu ya Jamhuri, kikosi kimoja cha jeshi hupitisha bendera yake kwa gwaride mbele ya Amiri Jeshi Mkuu, na umati mzima husimama. Kitambaa kile hakiheshimiwi kwa sababu ya bei ya hariri. Kinaheshimiwa kwa sababu kinabeba kumbukumbu ya wale waliokifia, na kwa sababu kila aliye chini yake ameapa.

Basi alama ya kikosi hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kumwambia askari: wewe si wako peke yako tena, u wa kikosi hiki, na sifa yake ni sifa yako. Ya pili ni kumwambia raia: mtu huyu ametumwa, na yuko aliyemtuma. Bunduki iliyo mikononi mwa mtu asiye na alama ni bunduki ya jambazi. Bunduki ileile, mikononi mwa mtu mwenye alama, inadaiwa kuwa bunduki ya sheria. Tofauti yote baina ya serikali na genge imeshonwa pale kifuani, katika kipande cha kitambaa kisichozidi upana wa kiganja.

Lakini alama ya kikosi peke yake haitoshi, na hapo ndipo tulipodanganywa kwa miaka mingi. Alama ya kikosi hutaja kundi. Haimtaji mtu. Ukiona bereti nyekundu unajua ni GSU, kikosi ambacho wananchi walikipachika jina la "Fanya Fujo Uone". Hujui ni nani aliyekupiga. Kikosi hakiwezi kusimamishwa kizimbani. Anayesimamishwa kizimbani ni mtu. Kwa hiyo beji ya kikosi isiyoambatana na jina au nambari ya mvaaji huwa pazia. Utukufu hugawiwa wote, na hatia hakuna wa kuibeba.

KIBERA ILIZALIWA NA BEJI

Ikiwa kuna mtaa katika Kenya unaostahili kusema juu ya jambo hili, ni mtaa wetu. Kabla ya Kibera kuwa mabati na mifereji, ilikuwa ni msitu, na jina lenyewe, Kibra, lina maana hiyo katika lugha ya Wanubi. Wanubi waliletwa kama askari wenye asili ya Sudan, wakatumikia katika jeshi la mkoloni lililoundwa mwaka 1902 kwa jina la King's African Rifles, yaani KAR. Kuanzia mwaka 1904 askari hao na jamaa zao walipewa kukaa hapa, na mwaka 1918 eneo hili la ekari zipatazo 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi.

Askari wa KAR alivaa tarbushi ndefu, na juu yake nambari ya batalioni yake. Kabla ya vita vya mwaka 1914 wengi wao walitembea kwa ndara au bila viatu kabisa, lakini kofiani hawakukosa alama. Mkoloni hakuona haja ya kuwanunulia viatu, ila aliona haja ya kuwavisha beji. Wakapigana naye katika Vita vya Kwanza huko Tanganyika, na katika Vita vya Pili huko Ethiopia na Burma.

Beji ile iliwapa nini? Iliwapa vibali vya kulima na kujenga. Haikuwapa hati ya kumiliki. Mwaka 1928 Kibera ilipotolewa mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya utawala wa kiraia, wenye vibali walianza kuitwa wapangaji wa hisani. Ardhi ikamegwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na serikali ya wageni, kisha na serikali yetu wenyewe. Tarehe 2 Juni 2017 jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya pamoja, ilikuwa ni ya ekari 288. Na wajukuu wa wale wenye tarbushi, kwa miaka mingi, walipoomba kitambulisho cha Kenya walipelekwa mbele ya kamati za kuwahoji, waulizwe babu yao alitoka wapi.

Twasema haya ili tuelewane juu ya jambo moja. Ahadi ya beji ilipokuwa inamfaa mtawala, ilikumbukwa. Ilipokuwa inamfaa aliyeivaa, ilisahauliwa.

Na wakati uleule ambapo askari alivishwa beji ya heshima, Mwafrika wa kawaida alivishwa beji ya namna nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutekelezwa kwa nguvu baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alipaswa kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na majina ya waajiri wake. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kijikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande, na watu waliokusanyika Nairobi tarehe 16 Machi 1922 kudai afunguliwe walimiminiwa risasi. Babu zetu walikataa kuvaa nambari shingoni kama ng'ombe wa mnada. Walikuwa na haki. Ila leo mambo yamepinduka kwa namna ambayo wao wasingeiamini: mwananchi bado anadaiwa nambari yake kila kona, na mwenye bunduki ndiye aliyeivua.

NGUO ZIMEBADILISHWA, MWENENDO UMEBAKI

Serikali zetu zinajua nguvu ya alama. Tazama zinavyoharakisha kuzibadilisha pale zinapotiwa aibu. Mwaka 1963 batalioni za KAR zilizokuwa hapa nchini zilivuliwa jina la Mfalme zikaitwa Kenya Rifles. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 24 Januari 1964, askari wa batalioni ya 11 waliasi katika kambi ya Lanet, Nakuru, na batalioni hiyo ikavunjwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Wanahewa lilivunjwa, likaundwa jipya lililoitwa jeshi la anga la '82, na halikurejeshewa jina lake hadi mwaka 1994. Kwa miaka kumi na miwili askari waliokuwa watoto wakati wa jaribio lile walivaa tarehe ya aibu ambayo si yao.

Mnamo Septemba 2018 polisi nao wakaonyeshwa taifa wakiwa na sare mpya ya rangi ya buluu. Tukaambiwa kuwa ni sura mpya ya polisi. Tulikuwa tayari kuamini. Kwenye nembo ya polisi yameandikwa maneno matatu mazuri, "Utumishi kwa wote", na sisi hatukuomba zaidi ya maneno hayo matatu. Lakini rangi ya nguo haijawahi kumbadilisha aliyeivaa. Yakobo alivaa nguo za kaka yake na ngozi za wana-mbuzi mikononi ili apate baraka isiyokuwa yake. Baba yake alikuwa kipofu, akadanganyika. Sisi si vipofu.

KUTOKA KANISANI HADI BARABARANI

Waumini wenzetu wenye umri watakumbuka tarehe 7 Julai 1997. Watu walikuwa wamekimbilia Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, katika siku ya kudai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi. Askari wa kuzuia fujo waliingia ndani, wakarusha gesi ya kutoa machozi mahali pa ibada, wakawapiga watu, na miongoni mwa waliopigwa ni Kasisi Timothy Njoya. Sare zilionekana. Helmeti zilionekana. Nchi nzima ilijua ni vikosi vya nani. Lakini rungu hili lilishikwa na nani, na lile na nani? Kikosi kilijulikana, mtu hakujulikana.

Watawala wakajifunza kutokana na siku ile, ila walijifunza somo lisilo sahihi. Tarehe 10 Juni 1999 Kasisi Njoya alipigwa tena, safari hii karibu na Bunge, na wapigaji hawakuwa na sare yoyote. Walikuwa vijana wa kundi lililoitwa Jeshi la Mzee. Zingatieni jina hilo: jeshi lisilo na kambi, lisilo na beji, lisilo na orodha ya askari wake, na kwa hiyo lisilo na wa kulijibia. Watawala walipoona kwamba sare inawaletea maswali, waliajiri mikono isiyokuwa na sare.

Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, mamia ya askari wa Polisi wa Utawala walipewa mafunzo Embakasi na kupelekwa Nyanza wakiwa na nguo za kiraia, wakafanye kazi ya mawakala wa chama. Hayo yaliandikwa na Tume ya Jaji Waki. Tume hiyohiyo iliandika kwamba kati ya watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata, 405 walikufa kwa risasi. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipolia. Je, ni askari wangapi waliosimama kizimbani kwa ajili ya risasi hizo? Kila mwenye kusoma anajua jibu ni aibu.

Agosti 2017, Kisumu, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa rungu akiwa ndani ya nyumba ya wazazi wake, akafa. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika mwaka 2019 uliwaelekezea makamanda lawama, na ni haki, kwa maana mkubwa hujibu kwa ajili ya wadogo wake. Lakini hata baada ya mashahidi wote kusikizwa, ni mkono upi hasa ulioshika rungu lile? Wazazi waliona sare. Hawakuona nambari.

Na tangu Juni 2024, vijana walipotoka kupinga Mswada wa Fedha, tumefika chini kabisa. Tumeona magari yenye nambari za kiraia na magari yasiyo na nambari. Tumeona watu wenye silaha za serikali waliojifunika kofia za sweta na barakoa. Tarehe 17 Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani katikati ya jiji la Nairobi, mchana, na akafa kabla ya mwezi kwisha. Askari waliohusishwa walikamatwa upesi, na sote tunajua kwa nini: palikuwa na kamera. Siku hiyohiyo wahuni wenye mijeledi na marungu walipita katika barabara za jiji juu ya pikipiki, nao polisi wakiwatazama. Jeshi la Mzee halikufa. Lilibadilisha wazee.

SHERIA INASEMAJE

Hatuombi hisani. Tunadai kilichokwisha kuandikwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka kila askari aliyevaa sare awe wakati wote na kibandiko cha jina au nambari ya utumishi mahali panapoonekana wazi. Mnamo Agosti 2024 Mahakama Kuu ilitoa amri ya kuwazuia askari wanaosimamia maandamano kuficha utambulisho wao. Baada ya Saba Saba ya mwaka 2025, Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ilieleza hadharani kwamba askari waliofunika nyuso na kupanda magari yasiyo na alama walikuwa wakienda kinyume na amri ya mahakama. Basi si mwanaharakati wa Silanga peke yake asemaye. Sheria imesema, mahakama imesema, mamlaka ya serikali yenyewe imesema.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Katiba ya mwaka 2010 imeweka ukuta baina ya polisi na jeshi. Kifungu cha 241 kinasema kwamba majeshi yanaweza kutumwa kurejesha amani penye machafuko nchini kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Ndiyo maana tarehe 25 Juni 2024, serikali ilipotangaza kuwatuma wanajeshi kuwasaidia polisi, Bunge lilikutanishwa kesho yake ili liidhinishe, na Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani, na mahakama ikaitaka serikali ieleze mipaka ya kazi hiyo. Lakini ukuta huo unalindwa na nini huku mitaani? Unalindwa na alama. Nitajuaje kwamba aliyesimama mlangoni pangu ni polisi na si mwanajeshi, ikiwa amevua kila kinachomtambulisha? Mtu anayevua alama ya kikosi chake anatunyima sisi jina lake, na pia anaifanya Katiba yenyewe isiweze kukaguliwa.

Wakati huohuo, Kanuni ya Adhabu inamkataza raia kuvaa sare ya majeshi bila idhini. Hatuipingi sheria hiyo. Lakini ni nani asiyemjua kijana wa mtaa aliyevuliwa suruali ya mabakamabaka barabarani, akapigwa makofi na kuachwa na nguo ya ndani mbele ya dada zake, kwa sababu ya suruali ya mtumba aliyoinunua Toi? Kijana huyo alikosa kwa kuvaa alama isiyo yake. Na yule aliyemvua, je, alikuwa amevaa iliyo yake?

WANAOTUPINGA

Yako majibu mawili tunayopewa, nasi tunayajibu kwa heshima.

La kwanza ni kwamba askari naye ni mwana wa mtu. Anaishi miongoni mwetu, amepanga chumba katika mitaa hii hii, na jina lake likisambazwa, mkewe na watoto wake watakuwa hatarini. Hofu hiyo ni ya kweli na hatuicheki. Wapo walioanika picha na majina ya jamaa za askari, na hilo ni ovu, maana mtoto hana kosa la baba yake. Lakini sheria haikusema lazima jina. Ilisema jina au nambari. Nambari haitaji kabila, wala kijiji, wala mke. Nambari inasomwa na mkuu wake na wachunguzi peke yao. Askari anayetenda haki nambari itamlinda, kwa maana hatasingiziwa kosa la mwenzake. Anayeiogopa nambari haogopi jirani zake. Anaogopa hakimu.

La pili ni kwamba wapelelezi hawawezi kufanya kazi wakiwa na sare. Nasi twakubali. Mwizi hafuatwi kwa tarumbeta. Lakini kupeleleza ni kazi moja, na kuwakabili wananchi barabarani kwa bunduki ni kazi nyingine. Anayekuja kukamata mtu na aseme yeye ni nani na amkamata kwa sababu gani, kwa maana Kifungu cha 49 cha Katiba kimempa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja. Mtu aliyefunikwa uso, ndani ya gari lisilo na nambari, asiyetaja jina wala kosa, anafanya utekaji nyara, hata kama mshahara wake unatoka Hazina.

NA SISI WENYEWE TUJIKAGUE

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia kwa polisi. Katika safari ndefu ya vyama vingi, tangu kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, kila chama kimependa kuwa na vijana wake wa ulinzi. Tumewaona wakivaa bereti, buti na mikanda ya kijeshi, wakijipa vyeo vya kamanda na jenerali, wakipigiana saluti jukwaani. Baadhi yao ni vijana wetu wa Kibera, na baadhi yetu tuliwapigia makofi.

Tuache. Tunajua kwamba mtawala mwenye hila anaweza kuligeuza vazi kuwa kosa. Uganda, mnamo Septemba 2019, serikali iliorodhesha bereti nyekundu kuwa vazi la jeshi, wakati ambapo wafuasi wa Bobi Wine walikuwa wameifanya alama yao, na raia aliyeivaa akawa hatarini kufungwa. Hilo lilikuwa dhuluma. Lakini sababu yetu ni kubwa kuliko hofu ya kukamatwa. Mageuzi tunayoyataka ni ya nchi ambayo mtu hahitaji kufanana na askari ili asikilizwe. Tukiwavisha vijana wetu sare za vita, tunawafundisha kwamba uwezo ni buti. Na kijana aliyepewa bereti na mwanasiasa leo ndiye atakayepewa mjeledi na mwanasiasa mwingine kesho, kwa shilingi mia tano.

TUNALODAI NA TUTAKALOFANYA

Kwa hiyo sisi tunadai mambo manne. Kwanza, kila askari anayetumwa kwenye maandamano au msako awe na nambari kubwa ya kusomeka kwa mbali, kifuani, mgongoni na kwenye helmeti, na asiwe na kitu chochote cha kuifunika. Pili, kila gari liwe na nambari yake na alama ya kikosi. Tatu, mkuu wa operesheni aweke orodha ya waliotumwa, na pale ambapo askari ameficha nambari, mkuu huyo ajibu yeye mwenyewe kana kwamba ndiye aliyetenda. Nne, hakuna mlalamishi atakayerudishwa nyumbani kwa sababu hakuiona nambari iliyofichwa. Kuificha kuwe ni ushahidi dhidi ya aliyeificha.

Na kwa upande wetu, kila kanisa, kila msikiti na kila jumuiya ndogondogo iwe na daftari. Jambo likitokea, andikeni siku hiyohiyo: saa, mahali, rangi ya sare, rangi ya kofia, alama ya begani, nambari ya gari, maneno yaliyosemwa, mashahidi walioona. Mkiona nambari, iandikeni. Msipoiona, andikeni kwamba haikuwepo. Viongozi wa ibada na watie sahihi. Daftari moja linaweza kupuuzwa. Madaftari arobaini yenye saa ileile na kofia ileile yatamlazimu mtu kujibu.

Msimpige askari. Msimvue beji yake kwa nguvu, wala msimtukane. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji wakimwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaonya wasiwanyang'anye watu kwa nguvu wala kuwasingizia, waridhike na mshahara wao. Nasi hatuna neno zaidi ya hilo kwa askari wa Kenya. Wapo wengi wema miongoni mwao, na hao ndio wanaoaibishwa zaidi na waliojifunika, kwa kuwa beji inayochafuliwa ni yao pia. Tunawaomba hao wema wawe wa kwanza kufunua nambari zao. Siku watakapofanya hivyo tutawapisha njia kwa heshima.

Mama yule wa Silanga amerudi kwenye afisi ile mara tatu sasa. Kila mara hutoa kitambulisho chake langoni, nambari yake huandikwa, na kila mara huulizwa nambari ya askari. Safari ya nne hatakwenda peke yake. Atakwenda na majirani zake, na kila mmoja wetu atatoa kitambulisho langoni bila ya kulalamika. Kisha sote tutamwuliza karani swali lake lilelile, naye ndiye atakayepaswa kulijibu: nambari ya askari iko wapi?